Kijana wa Miaka 16 Si Mgeni Nyumbani

Kila mwaka ikifika Septemba, sisi tunaoishi London tunaanza kupokea simu kutoka Maskati, Dubai na Doha. Mtoto amepata chuo, anakuja, ana miaka 18, tafadhali mumtupie jicho. Tunakwenda Heathrow, tunampokea. Kijana ana adabu zake, anaamkia shikamoo kama alivyofunzwa na bibi yake, na Kiingereza chake kinashinda changu. Zikipita wiki mbili simu inalia tena, na safari hii ni yeye mwenyewe. Nguo nyeupe zote zimetoka kwenye mashine zina rangi ya waridi. Mwenye nyumba anadai pesa. Barua ya benki iko mezani haijafunguliwa, alidhani ni tangazo. Miadi ya daktari imempita kwa sababu hakuna aliyemwamsha.

Huyu si mjinga, na wala si mvivu. Hesabu anazozifanya mie siziwezi. Tatizo lake ni moja tu: kwa miaka 18 haikutokea hata siku moja kitu cha nyumbani kwao kikamtegemea yeye. Chakula kilikuja mezani. Nguo zilirudi kabatini zimepigwa pasi. Gari lilikuwa mlangoni, dereva ndani yake. Alichotakiwa ni kusoma na kufaulu, na hilo amelifanya vizuri sana.

Wazee wenzangu wa Ghuba, naomba tulizungumze hili bila kuoneana haya. Sababu yake naielewa. Wazee wetu waliotoka Unguja na Pemba baada ya mapinduzi ya 1964, na wale waliokwenda Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970 na kuwaita walio nje warudi, hawakufika na madereva. Wengi walianza upya wakiwa watu wazima, kwa Kiarabu cha kubabaisha, wakichekwa. Wakaapa watoto wao hawatataabika vile. Nani atawalaumu? Mzazi aliyewahi kulala na njaa hawezi kumwona mwanawe anaosha sufuria bila kuhisi kwamba kuna mahali ameshindwa.

Lakini tumepitiliza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tuna wageni wa miaka 16 ndani ya nyumba zetu, na jembe hawajaliona. Nimekwenda Maskati mara kadhaa, nimekaa kwa jamaa, nimeona kijana mwenye sauti nzito na ndevu zinaanza kuota anamwita dada wa kazi aliye jikoni aje amletee maji, na jokofu liko hatua tano kutoka alipokaa. Dada huyo ametoka Kenya au Uganda au Tanga. Pengine umri wake unamzidi kijana kwa miaka sita au saba tu, na kwao anasomesha wadogo zake wanne kwa mshahara ule. Wapo watoto wetu ambao Kiswahili chao chote wamekipata kwa madada hawa, si kwa mama zao, na kwa hilo tunapaswa kuwashukuru. Sijui kwa nini hatuoni kwamba kuna jambo jingine wangeweza kujifunza kwao.

Sasa niwaeleze mtoto wa hapa anavyoishi. Akitimiza miaka 11 anaingia sekondari, na hapo mambo yanabadilika. Anapata kadi yake ya Zip yenye picha yake, inayompandisha basi bure mji mzima. Asubuhi ya Desemba, bado giza, utawaona kituoni na mabegi makubwa kuliko migongo yao. Mzazi hayupo. Akikosa basi la saa moja na robo, amelikosa yeye. Kadi ina masharti ya tabia: akifanya fujo garini anaweza kunyang'anywa, na hapo atajua nauli ni kitu gani. Akifika miaka 13 sheria inamruhusu kazi ndogo ndogo, kama kusambaza magazeti au kusaidia dukani, lakini kwa mipaka. Siku za shule haizidi saa mbili, na kwa wiki nzima ya masomo haizidi saa 12. Kabla ya saa moja asubuhi haruhusiwi kufanya kazi, wala baada ya saa moja usiku. Mara nyingi halmashauri ya mtaa lazima itoe kibali. Waingereza wana mengi ya kulaumiwa, ila hapa walifikiri: mtoto apewe kazi, na kazi isimle.

Nisije nikaeleweka kwamba London ndiyo shule ya malezi. La. Hapa nasi tuna ugonjwa wetu, na ni kinyume cha ule wa Ghuba. Watoto wengi wa watu wa Afrika Mashariki katika mji huu hubebeshwa mzigo kabla ya wakati. Mtoto wa miaka 10 anasoma barua ya halmashauri na kumfasiria mama. Anakaa kwa daktari katikati ya watu wazima wawili, anatafsiri maradhi ambayo asingepaswa kuyajua. Anapiga simu kwa watu wa umeme, anabadilisha sauti ili adhaniwe mkubwa. Nimesomesha watoto wa namna hii kwa miaka mingi. Wanakomaa mapema, ni kweli, lakini wapo wanaofika miaka 15 wamechoka kama wastaafu. Wapo pia wanaojiuliza, kama mimi ndiye ninayejua kila kitu humu ndani, kwa nini niambiwe nirudi saa mbili? Hapo ndipo mtaa unapowachukua. Vituo vya vijana vilivyokuwa vikiwapokea jioni vingi vilifungwa baada ya 2010, serikali ilipobana matumizi, na kona za barabara hazikufungwa. Visu tunavisikia katika habari kila wiki. Mama wa hapa mwanawe akichelewa nusu saa halali.

Ndiyo maana wengi hufikia uamuzi wa kumrudisha mtoto Afrika. Wasomali wana jina lake kabisa, dhaqan celis, yaani kumrudishia mtoto mila zake. Wetu hawana jina, wanasema tu "tumempeleka Mombasa" au "yuko kwa babu yake Unguja", na sote tunaelewa. Kutoka Ghuba pia wanapelekwa, tusifichane.

Mwaka 2025 kulikuwa na kesi hapa iliyotikisa kila nyumba ya Waafrika. Kijana mmoja wa London, jina lake halikutangazwa kwa amri ya mahakama, alichukuliwa na wazazi wake Machi 2024 kwenda Ghana. Akaambiwa wanakwenda kumwona jamaa mgonjwa. Huko akaingizwa shule ya bweni, wazazi wakarudi. Walikuwa wanahofia ameanza kuvutwa na makundi ya uhalifu, na walitaka awe hai. Kijana hakukubali. Akiwa kule akawasiliana na Ubalozi wa Uingereza mjini Accra na shirika la kusaidia watoto, akapata mawakili, akawashitaki wazazi wake London. Februari 2025, akiwa na miaka 14, Jaji Hayden wa Mahakama Kuu aliamua kwamba wazazi walikuwa na haki ya kufanya walivyofanya, na akaonya kwamba kumrudisha London kungemtia hatarini. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikaukataa uamuzi ule, ikaagiza shauri lisikizwe upya.

Nimewasikia watu msikitini na harusini wakimlaani kijana yule. Mtoto gani huyu wa kumshitaki mamake! Mie nilikuwa na fikra nyingine. Mtoto wa umri ule aliyeachwa nchi ngeni, akajua aende ofisi gani, aandike nini, atafute nani, na asikate tamaa mwaka mzima: huyo uwezo wa kusimamia jambo anao mwingi. Alikuwa na nguvu zinazotafuta pa kwenda. Na wazazi nao siwalaumu, maana aliyewahi kusimama kwenye maziko ya mtoto wa jirani hapa London hatahubiria watu. Ila ule uongo wa jamaa mgonjwa ndio uliovunja kitu. Ukitaka kijana achukue dhamana ya maisha yake huwezi kuanza kwa kumhamisha kama mzigo uliofungwa kamba. Nawajua waliopelekwa nyumbani wakiwa wameambiwa ukweli, wamepewa muda na tarehe ya kurudi, wakakaa kwa shangazi mwenye duka, wakapewa mlango wa duka kuufungua kila alfajiri. Hao walirudi watu. Nawajua pia waliotupwa kwenye vituo vya "kurekebisha tabia" na wakarudi na makovu na chuki.

Kinachomjenga kijana, kwa nilivyoona darasani miaka yote ile, ni kazi ambayo asipoifanya kuna mtu anakosa. Hewa ya Mombasa haina dawa hiyo, wala baridi ya London.

Mimi nilisoma sekondari ya misheni, mtoto wa Kiislamu kati ya masista. Saa kumi na moja alfajiri tunaamka. Kazi zilikuwa za aina mbili. Moja ilikuwa adhabu: umechelewa, chukua fyekeo ukafyeke majani. Hiyo ilitufunza kuyachukia majani, basi. Ya pili ilikuwa zamu. Mmoja wetu alikuwa na kengele ya shule kwa muhula mzima, msichana wa miaka 14 tu, na kama hakuamka, wasichana mia tatu hawakuamka, chai inapoa, mwalimu wa hesabu anakaa peke yake darasani. Hakuna sista aliyemwamsha yule wa kengele. Tulimwogopa na kumheshimu. Mwengine alikuwa na taa, mwengine ufunguo wa maktaba. Sikusikia hotuba yoyote ya uwajibikaji pale, labda kwa sababu watu walikuwa na shughuli. Nyerere alitaka jambo la namna hii kwa nchi nzima alipotoa Elimu ya Kujitegemea 1967. Shule zikapewa mashamba, na kwingine shamba likageuka fyekeo la adhabu, likafa.

Nilipokuja kufundisha hapa nilijaribu kuiiga ile kengele. Kulikuwa na mvulana mmoja wa miaka 14, mchelewaji sugu, kila wiki anabakizwa baada ya masomo na haimwumi. Nikampa ufunguo wa stoo ya vitabu. Vitabu vya madarasa matatu asubuhi vinamngoja yeye. Wiki mbili akaja mapema, wenzangu wakanipongeza. Wiki ya tatu akaupoteza ufunguo ndani ya basi. Mamake akaja shule na pesa mkononi, anataka kulipa, anaomba radhi kwa niaba yake, karibu apige magoti. Nikamwambia mama, hizo rudisha mkobani. Kijana akenda mwenyewe kuulizia vitu vilivyopotea, akajaza fomu, hakuupata. Akalipa ufunguo mpya kwa pauni mbili kila Ijumaa, kutoka pesa zake za chipsi. Kisha nikampa ufunguo ule mpya. Mama hakuelewa kwa nini nampa tena. Sasa nimpe nani? Katika darasa lile yeye ndiye peke yake aliyekuwa anajua bei yake.

Sitawaambia kwamba leo ni daktari. Sijui yuko wapi. Lakini mwaka ule hakuchelewa tena zaidi ya mara tatu nne, na hizo alikuja kunieleza kabla sijamuuliza.

Hili la mama na pesa mkononi ndilo naliona zaidi kwa wazazi wa Ghuba, maana uwezo upo. Kijana amegonga gari, baba ameshalipa. Amefeli somo, amehamishwa shule. Amemtukana mwalimu, mama amepeleka zawadi. Kila mara tunapomfutia mtoto hesabu yake, tunamwambia bila maneno kwamba alifanyalo halina uzito. Na kijana ambaye matendo yake hayana uzito atapataje lengo maishani? Tunamuuliza unataka kuwa nani, naye anajibu injinia, kwa kuwa ndilo jibu linalotuliza wageni.

Lengo huja kwa njia ya pembeni. Mtazameni Mo Farah. Mwaka 2022 alieleza hadharani kwamba aliletwa Uingereza na miaka tisa kwa jina la mtoto mwengine, akafanyishwa kazi za ndani na kulea watoto wa watu katika nyumba moja hapa London. Ile haikuwa kumfunza uwajibikaji, ule ulikuwa utumwa, na wanaosema "sisi tulifanyishwa punda na tumekua" wapime maneno yao hapo. Aliyemfungulia njia ni mwalimu wa michezo wa shule ya Feltham, Alan Watkinson, aliyeona mtoto anakimbia na akamsikiliza alipoeleza yaliyomsibu. Mwalimu yule hakumbebea viatu. Alimpa mashindano ya kujiandaa nayo na mtu wa kumjibu. Mwaka 2012, katika mji huuhuu, kijana yule alishinda mita 10,000 na mita 5,000 za Olimpiki. Na Abdulrazak Gurnah wetu wa Unguja alifika Uingereza 1968, bado kijana mdogo, akafanya kazi ya uhudumu hospitalini kabla ya kuwa profesa na kabla ya Nobeli ya 2021. Sidhani kuna aliyemwambia kwamba akisukuma vitanda atakuwa mwandishi.

Wala si lazima mtoto awe bingwa. Uingereza ina mpango wa zamani, Tuzo ya Duke of Edinburgh, ulioanza 1956 kwa wavulana na kuwaingiza wasichana miaka miwili baadaye. Kijana wa miaka 14 anaweza kuanza ngazi ya shaba. Anajitolea kuhudumia watu, anajifunza ujuzi mmoja, anafanya mazoezi ya mwili, kiasi cha saa moja kwa wiki kwa kila jambo na kwa miezi, kisha wanakwenda safari ya siku mbili na usiku mmoja, wanabeba chakula chao na hema lao. Kenya waliuanzisha wao 1966 kwa jina la Tuzo ya Rais. Shule kadhaa za mtaala wa Kiingereza huko Ghuba wanao. Ulizeni. Nimewaona watoto waliorudi kutoka safari ile wamenyeshewa, wamepotea njia saa tatu, wamekula tambi mbichi, na hawakuacha kulizungumza hadi mwaka ukaisha. Ila kuna wazazi wanaoitaka karatasi yake kwa ajili ya maombi ya chuo, na wanamwambia dereva aufuate msafara kwa nyuma na biriani. Kama ni hivyo bora mtoto alale nyumbani.

Na jambo hili lina uharaka huko kwenu kuliko zamani. Ile ahadi kwamba kila mwenye digrii ana meza serikalini inamngoja imekwisha, na vijana wanaijua vizuri kuliko sisi. Sohar 2011 na tena Mei 2021 vijana wa Kiomani walitoka barabarani kudai kazi. Mwajiri wa kampuni binafsi hatamuuliza mwanao babake ni nani. Atataka kujua kama anafika saa mbili kamili, kama akikosea anasema, na kama anamaliza alichoanza bila kusukumwa.

Kuna kitu nashindwa kukielewa kabisa. Mtoto akibaleghe tunamhesabu mukalafu, dhambi zake na thawabu zake zinaandikwa kwa jina lake. Tunamtaka afunge Ramadhani nzima, na anafunga, katika joto la Ghuba, bila kunung'unika. Magharibi ikiadhiniwa mtu yuleyule, aliyeaminiwa na Mola wake kwa saa kumi na nne, hatumwamini kuondoa sahani yake mezani.

Mtasema mtoto ana masomo, hana muda. Nimekuwa mwalimu miaka zaidi ya 30, ninajua masomo yanachukua muda gani, na ninajua simu inachukua muda gani. Mtasema dada wa kazi analipwa kwa kazi hiyo. Analipwa, na kazi haitamwishia. Mtasema wavulana jikoni si mila. Mabaharia wetu wa majahazi walipika wenyewe kutoka Lamu hadi Sur, na hakuna aliyewaona si wanaume.

Kwa wale ambao watoto wao wanakuja huku Septemba, kabla hajapanda ndege awe ameendesha jambo moja la nyumba yenu kwa miezi mitatu. Bili ya umeme na maji, kwa mfano: aipokee yeye, ailipe yeye kwa pesa mnazompa, na akisahau, mkae bila umeme mpaka akumbuke, nanyi msimkumbushe. Dawa za bibi yake, hizo msimwachie peke yake, maana makosa yake yataumiza mtu mwingine. Lakini anaweza kumpeleka hospitali, akae naye kwenye foleni, asikilize daktari anasema nini, arudi awaeleze. Mdogo wake achukuliwe madrasa na yeye. Na akishafika hapa, akikupigia simu kwamba mwenye nyumba anamdai, muulize mkataba unasema nini kabla hujafungua programu ya benki. Ikiwa hajausoma, kata simu kwa upole, mwambie apige akishausoma. Atakasirika. Sisi wa huku tutamkaribisha chakula Jumapili, hatalala njaa.

Kwa walio na watoto wadogo zaidi, wa miaka 13 na 14, iko Ijumaa. Dada wa kazi apewe siku yake ya mapumziko, aitumie apendavyo. Chakula cha mchana siku hiyo kiwe cha vijana, wasichana na wavulana, kuanzia sokoni mpaka vyombo. Wageni waalikwe kama kawaida, na msiweke chakula kingine cha akiba kwenye jokofu. Mara ya kwanza mtakula saa kumi, na wali utakuwa na maji.